Karati moja ya tanzanite ina uniti ngapi za umeme?

Mjini Arusha karati haihitaji maelezo. Dalali wa mawe, mwanawe na bodaboda anayewabeba wote wawili wanajua ni kipimo kidogo sana: gramu 0.2, yaani karati tano ndizo zinazotimiza gramu moja. Wasichokijua wengi ni kwamba ndani ya karati hiyo moja, kwa hesabu ya E = mc² (nishati ni tungamo mara mwendo wa mwanga uliojizidisha wenyewe), mna nishati ya uniti milioni tano za umeme. Uniti hizihizi tunazonunua kwa LUKU.

Namba hiyo haihitaji digrii. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuipata kwa kalamu na karatasi ndani ya dakika mbili, mradi awe amezoea kuandika namba kwa njia ya kisayansi. Fomula yenyewe ni fupi na kila mtu anaikariri. Kinachowaangusha watu ni sifuri.

Tuzitazame hizo sifuri. Mwanga husafiri mita 299,792,458 kila sekunde. Hapo hakuna makadirio: tangu mwaka 1983 mita yenyewe imefafanuliwa kwa mwendo wa mwanga, kwa hiyo tarakimu hizo tisa ni kamili. Kwa hesabu za kawaida tunakadiria 300,000,000. Fomula inataka namba hiyo ijizidishe yenyewe, nayo inakuwa 90,000,000,000,000,000. Jaribu kuiandika mara tatu mfululizo bila kudondosha hata sifuri moja. Kisha izidishe kwa tungamo la karati, ambalo kwa kilogramu ni 0.0002, halafu uniambie nukta umeiweka wapi.

Njia ya kisayansi inatenganisha mambo mawili ambayo hapo juu yamechanganywa: tarakimu zenye maana, na ukubwa wa namba. Tarakimu unaziandika kama namba moja inayoanzia 1 na isiyofika 10. Ukubwa unaubeba kwa kumi yenye kipeo, ile namba ndogo inayokaa juu yake. Mwendo wa mwanga unakuwa 3 × 10⁸, kwa sababu nukta imehama hatua nane kwenda kushoto. Karati inakuwa 2 × 10⁻⁴ kilogramu, kwa sababu nukta imehama hatua nne kwenda kulia. Kipeo hasi hakifanyi namba kuwa hasi. Kinasema tu kuwa namba ni ndogo kuliko moja.

Faida inaonekana unapoanza kuzidisha. Tarakimu zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe, vipeo vinajumlishwa. Ukigawa, vipeo vinatolewa. Namba ikijizidisha yenyewe, kipeo chake kinakuwa maradufu:

c² = (3 × 10⁸)² = 9 × 10¹⁶

E = 2 × 10⁻⁴ × 9 × 10¹⁶ = 18 × 10¹² = 1.8 × 10¹³ jouli

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika. 18 imevuka 10, kwa hiyo inarudishwa kuwa 1.8 na kipeo kinapanda ngazi moja. Sasa tubadilishe jouli, kipimo cha nishati cha kisayansi, ziwe uniti. Uniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa nzima, na saa ina sekunde 3,600, kwa hiyo uniti moja ni jouli 3.6 × 10⁶. Tunagawa:

1.8 × 10¹³ ÷ 3.6 × 10⁶ = 0.5 × 10⁷ = 5 × 10⁶

Safari hii tarakimu imeshuka chini ya 1, kwa hiyo kipeo kinashuka pia. Uniti milioni tano. Familia iliyo kwenye kundi la D1, la watumiaji wadogo wa umeme, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ingezitumia kwa miaka zaidi ya 5,500.

Makosa ya hesabu hii yana sura zilezile kila mwaka, na anayefundisha tuisheni Moshi atakuwa anayafahamu kwa macho yaliyofumbwa. La kwanza ni kukipandisha kipeo chenyewe: 8 mara 8 ni 64, basi c² inaandikwa 10⁶⁴. Njia ya kuligundua ni kujiuliza kama jibu linawezekana. Jua letu lote, lenye kilogramu 2 × 10³⁰, likigeuka lote kuwa nishati lingetoa jouli 1.8 × 10⁴⁷. Ukiona karati yako imelishinda jua, rudi nyuma. La pili ni kupandisha kumi na kuisahau tatu, ukapata 3 × 10¹⁶. Hili ni baya zaidi, kwa sababu jibu linakosea mara tatu tu, na kosa la mara tatu halishtui mtu.

La tatu ni gramu. Mtu anaona 0.2, anaiweka kama ilivyo, na jibu linakuwa kubwa mara elfu moja. Fomula haijali unapenda kipimo gani. Jouli imefafanuliwa kwa kilogramu, mita na sekunde: jouli moja ni kilogramu moja mara mita za mraba kwa sekunde za mraba. Ukiingiza gramu, kinachotoka si jouli tena. Hapo pia ndipo unapopata jibu la swali ambalo wanafunzi huuliza na wengi hujibiwa "kariri tu": kwa nini mwendo wa mwanga ujizidishe? Chukua kilogramu uizidishe kwa mita kwa sekunde mara moja tu. Hupati kipimo cha nishati. Zidisha mara mbili, unapata. Huo si uthibitisho wa fomula, lakini unaonyesha kuwa umbo jingine lolote la c lisingekaa.

Kosa la nne ni la kikokotoo. Kwenye vile vyenye kitufe kilichoandikwa EXP, kitufe hicho tayari kinamaanisha "mara kumi kwa kipeo cha". Mwanafunzi anabonyeza 3, alama ya kuzidisha, 10, EXP, 8, akiamini ameandika 3 × 10⁸. Kikokotoo kimesoma 3 mara 10 mara 10⁸, yaani 3 × 10⁹. Ikijizidisha inakuwa 9 × 10¹⁸, na jibu lote linakuwa kubwa mara mia. Kinachotakiwa ni 3, EXP, 8, basi. Ndiyo maana ni vizuri kuhesabu vipeo kichwani kabla ya kugusa kitufe chochote: 16 toa 4 ni 12, jibu litakuwa karibu na hapo. Mashine ikikuletea 15, unajua nani mkosaji.

Tuchukue jiwe lenye uzito wa kutosha. Mwaka 2020 mchimbaji mdogo wa Mirerani, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja likiwa na kilogramu 9.27 na la pili likizidi 5 kidogo. Tukilichukua lile kubwa:

E = 9.27 × 9 × 10¹⁶ = 83.43 × 10¹⁶ = 8.34 × 10¹⁷ jouli

Lakini hapa makadirio yetu ya mwendo wa mwanga yanaanza kutudai. Ukitumia namba kamili, c² ni 8.988 × 10¹⁶, na jibu linatoka 8.33 × 10¹⁷. Tofauti iko kwenye tarakimu ya tatu. Kwa mtihani unaosema tumia 3 × 10⁸, andika 8.34 ulale usingizi. Kwa anayetaka tarakimu tatu za kweli, 8.33 ndiyo sahihi. Na yeyote anayeandika 8.3314605 × 10¹⁷ kwa jiwe lililopimwa kwa tarakimu tatu anajidanganya. Mizani haikumpa taarifa hizo, kikokotoo ndicho kilichozijaza.

Je, hizo jouli ni nyingi kiasi gani? Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mashine zake zote tisa zikizunguka, linatoa megawati 2,115, yaani jouli 2.115 × 10⁹ kila sekunde. Gawa, unapata sekunde kama 3.9 × 10⁸. Mwaka una sekunde 3.16 × 10⁷. Jiwe moja la kubebwa mikononi ni sawa na bwawa zima likifanya kazi usiku na mchana kwa miaka kumi na mbili na nusu. Ukiisoma hesabu hiyo kutoka upande wa pili inashangaza zaidi: umeme wote ambao bwawa lile linaweza kuzalisha kwa siku nzima ni jouli 1.83 × 10¹⁴, na ukizigawa kwa 9 × 10¹⁶ unapata kilogramu 2 × 10⁻³. Gramu mbili. Ndicho kiasi cha nishati kinachosafiri kwenye nyaya kwa siku, kikipimwa kwa mizani badala ya mita.

Basi mbona hatuchomi tanzanite? Kwa sababu mc² ni kama ubao wa viwango kwenye duka la kubadilishia fedha pale mjini Arusha. Ubao unakuambia dola moja ni shilingi ngapi. Haukuambii kama dirisha liko wazi, wala hauahidi kuwa noti yako itapokelewa. Kiwango cha kubadilisha kilogramu kuwa jouli ni 9 × 10¹⁶ kwa kila kitu: tanzanite, ndizi, maji ya Mto Themi. Hakuna kitu chenye nishati ya mc² kubwa kuliko kingine cha kilo sawa. Kinachotofautiana ni sehemu ya tungamo ambayo maumbile yanakubali kuigeuza.

Na hapa ndipo ninapoona fomula hii inafundishwa kinyumenyume. Mwezi Septemba 1905 Albert Einstein, aliyekuwa mtumishi wa ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, alipeleka makala fupi ya kurasa tatu kwenye jarida la fizikia la Ujerumani. Humo hakuandika E = mc². Alichoandika ni kwamba mwili ukitoa nishati L kwa njia ya mnururisho, tungamo lake linapungua kwa L ÷ V², V ikiwa mwendo wa mwanga. Yaani alianza na nishati akamalizia na tungamo. Hakuuliza kilo moja ina jouli ngapi. Aliuliza kitu kinachotoa joto au mwanga kinapungua uzani kiasi gani. Kwa maoni yangu swali hilo la pili ndilo lenye kazi katika maisha, na ndilo linaloondoa dhana potofu nyingi.

Mojawapo ni hii. "Mwalimu, kilo moja ya mkaa ikiisha jikoni yanabaki majivu ya kiganja. Si ndiyo tungamo limegeuka moto?" Swali zuri, na jibu ni hapana. Kaboni ya mkaa imeungana na oksijeni ya hewani ikaondoka kama gesi. Tukichukulia kuwa mkaa ni kaboni tupu, kilo moja huvuta oksijeni kama kilo 2.7 na kutoa kabonidayoksaidi kama kilo 3.7. Kilichopanda dirishani ni kizito kuliko kilichonunuliwa gengeni. Sasa tutafute kilichopungua kweli. Kilo moja ya mkaa hutoa takriban jouli 3 × 10⁷:

m = 3 × 10⁷ ÷ 9 × 10¹⁶ = 0.33 × 10⁻⁹ = 3.3 × 10⁻¹⁰ kilogramu

Ni theluthi moja ya maikrogramu. Mizani nzuri ya maabara inayosoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu, yaani 10⁻⁷ kilogramu, haiwezi kukiona. Ni kidogo mara mia tatu kuliko uwezo wake. Kwa hiyo kanuni ya kemia kuwa tungamo halipotei inabaki salama jikoni na maabara ya shule, si kwa kuwa ni kamili, bali kwa kuwa kasoro yake iko kwenye kipeo ambacho hakuna mizani yetu inayofika.

Urani ni habari nyingine. Miamba ya fosfeti ya Minjingu, kando ya barabara ya Arusha kwenda Babati, ina urani kidogo ndani yake, na kwa asili ni takriban asilimia 0.7 tu ya urani yoyote ambayo ni ile aina ya 235 inayopasuka kirahisi. Kiini kimoja cha urani 235 kikipasuka hutoa jouli kama 3.2 × 10⁻¹¹. Ni kidogo mno, hadi ukumbuke kuwa kilo moja ina viini 2.56 × 10²⁴. Zidisha: tarakimu zinatoa 8.2, vipeo 24 na −11 vinatoa 13. Jouli 8.2 × 10¹³. Ukigawa kwa c² unapata kilogramu 9.1 × 10⁻⁴, karibu gramu moja kati ya gramu elfu. Gramu 999 nyingine bado zipo, zimekuwa elementi nyingine, na nyingi kati ya hizo zina mionzi. Bomu lililoangushwa Hiroshima mwezi Agosti 1945 lilitoa nishati inayokadiriwa kuwa jouli 6.3 × 10¹³. Igawe mwenyewe kwa 9 × 10¹⁶. Inatoka 7 × 10⁻⁴: gramu 0.7 za tungamo, mji mzima.

Linganisha vipeo vya sehemu inayogeuka, nawe utaelewa tofauti ya jiko na kinu cha nyuklia bila maneno mengi: mkaa ni 10⁻¹⁰, urani ni 10⁻⁴. Kati yao pana ngazi sita, na ukihesabu na tarakimu ni karibu mara milioni tatu. Ubao wa viwango ni mmoja. Madirisha ndiyo tofauti.

Uthibitisho wa moja kwa moja ulisubiri hadi 1932, pale Cambridge, Uingereza, ambapo John Cockcroft na Ernest Walton walirusha protoni kwenye lithiamu. Kila kiini kilichogongwa kiligeuka kuwa viini viwili vya heli. Kwa kipimo cha atomu, lithiamu na protoni kwa pamoja ni 8.0238, na heli mbili ni 8.0052. Zimepotea 0.0186. Kipimo kimoja cha atomu ni kilogramu 1.66 × 10⁻²⁷, kwa hiyo kilichopotea ni 3.09 × 10⁻²⁹, na mara 9 × 10¹⁶ inakuwa jouli 2.8 × 10⁻¹². Heli zile ziliruka kwa nishati inayolingana na hiyo. Ona jinsi −29 na 16 zinavyokaa pamoja bila fujo. Kwa kuandika sifuri zote, ukurasa ungejaa na hakuna ambaye angekagua.

Lipo dirisha moja linalopokea noti yote. Elektroni ikikutana na positroni, pacha wake mwenye chaji chanya, zote mbili hutoweka na kuacha miale miwili ya gama. Elektroni ina kilogramu 9.11 × 10⁻³¹, hivyo kila mwale unabeba 9.11 × 10⁻³¹ × 9 × 10¹⁶ = 82 × 10⁻¹⁵ = 8.2 × 10⁻¹⁴ jouli. Ukirekebisha tarakimu kutoka 82 hadi 8.2, kipeo kinapanda kutoka −15 hadi −14. Hapo wengi huandika −16, wakidhani kupanda ni kuongeza namba wanayoiona. Hospitali zenye mashine za kupiga picha kwa positroni zinatumia miale hiyohiyo kutafuta uvimbe wa saratani. Kwa jiwe la tanzanite mlango huo haupo, kwa kuwa lingehitaji jiwe pacha la maada kinyume, na maada kinyume haichimbwi popote.

Tumalizie na jua, kwa sababu ndilo linaloanika buni Kibosho na Machame na lenyewe linaishi kwa hesabu hii. Ndani yake haidrojeni nne huungana kuwa heli moja, na asilimia 0.7 ya tungamo hutoka kama nishati. Jua hutoa jouli 3.8 × 10²⁶ kila sekunde:

m = 3.8 × 10²⁶ ÷ 9 × 10¹⁶ = 0.42 × 10¹⁰ = 4.2 × 10⁹ kilogramu

Tani milioni 4.2 kwa kila sekunde. Swali linalofuata huwa halikwepeki: tangu lianze limepoteza kiasi gani? Jua lina miaka bilioni 4.6 hivi, ambayo ni 4.6 × 10⁹ × 3.16 × 10⁷ = 1.45 × 10¹⁷ sekunde. Zidisha kwa kilogramu zile 4.2 × 10⁹, unapata kilogramu 6.1 × 10²⁶, kama dunia yetu mara mia moja. Gawa kwa tungamo la jua, 2 × 10³⁰, na inabaki 3 × 10⁻⁴, asilimia 0.03. Kwa kweli lilipoanza jua lilikuwa hafifu kuliko leo kwa karibu asilimia 30, hivyo jibu halisi ni dogo kidogo kuliko hilo. Tarakimu itashuka chini ya 3. Kipeo kitabaki −4.